Mwalimu Aliyezima Jiko

Mara ya kwanza nilipomwona Mwalimu akikimbia, nilidhani mtu amekufa. Kwetu Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mtu mzima hakuwa akikimbia. Watoto walikimbia, mbuzi walikimbia, na mwizi akifukuzwa, basi. Mtu mwenye mke na kazi ya serikali akionekana anatimua mbio asubuhi, lazima ana habari ya msiba. Nilikuwa nafagia uani. Akapita na kaptula nyeupe iliyoishia juu ya mapaja, kifua wazi, jasho linamtiririka, na hakusimama hata kusalimia. Nikautupa ufagio, nikajitanda leso, nikatoka mbio nyuma yake huku nalia, "Nani? Ni nani jamani?" Majirani nao wakanifuata. Mume wangu Bakari alibeba panga, maana yeye alidhani ni mwizi. Tulifika ufukweni msafara mzima, wengine wameshaanza kusema Inna lillahi, tukamkuta Mwalimu amesimama ndani ya maji, anainua mikono na kuishusha.

"Harambee!" akatuambia, meno yote nje. "Mmekuja kufanya mazoezi na mimi?"

Mama mmoja wa makamo alifunika uso kwa sababu ya yale mapaja. Bakari alilitazama panga lake, akamtazama Mwalimu, akarudi nyumbani. Mimi nilibaki pale na machozi yangu ambayo hayakuwa na maiti. Siku ile nilishtuka, nikadhani hakuna kubwa zaidi atakalolifanya mtu huyu. Lo! Sikujua.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikumwuliza, na sasa haina faida. Alikuwa jirani yetu, ua wa makuti tu ulitutenga. Kila mtu alimwita Mwalimu. Hata mkewe Mwanamisi alimwita Mwalimu, na alilitamka neno hilo namna tofauti kulingana na alivyoamka siku hiyo.

Mtu asije akafikiri alikuwa mwehu. Mwehu tungejua la kumfanya. Huyu alikuwa na akili kutushinda sote. Mtoto akiugua shuleni alimpakia kwenye baiskeli yake na kumpeleka mpaka hospitali, kisha akakaa naye hadi mzazi afike. Watu walipotaka kuandika jambo la shamba au la mahari, walikwenda kwake, naye hakupokea hata yai. Aliswali swala zake kwa wakati. Sauti hakuipandisha. Kwa hiyo alipoanza kusema mambo ya ajabu, tulimsikiliza, kwa sababu hatukuwa tumezoea kumsikia akisema upuuzi.

Mambo yenyewe aliyapata Diani. Kabla ya Uhuru, wakati wa likizo, alikuwa akienda kumfundisha Kiswahili mzungu mmoja mzee aliyekuwa na nyumba yake pwani kule, siku ambazo Diani ilikuwa bado na miti mingi kuliko hoteli. Mzungu huyo hakuwashia chakula moto. Alikula matunda, majani na nazi, akaota jua uchi wa mnyama, akapiga mbizi, na alidai ameishi kupita wote waliomcheka. Uhuru ulipokuja alifungasha akaenda zake. Kila mtu aliona ameondoka na vitu vyake vyote. Kumbe mawazo yake aliyaacha kwa jirani yangu.

"Mkoloni tumemtoa nchini," Mwalimu alikuwa akisema, amesimama uani kwetu, "lakini uchafu wa miaka yote uko bado mwilini. Mafuta yaliyokaangwa, sukari, chai. Moto unaua chakula, Mama Riziki. Nanyi mnakula maiti."

"Maiti ya nini, Mwalimu? Huu ni mchicha."

"Ulikuwa mchicha."

Basi hapo nilikuwa nimeshika mwiko, sufuria inatokota, na ghafla nikajiona kama naosha maiti. Niliudhika siku nzima.

Siku aliyozima jiko lake ndiyo iliyonikaa zaidi. Nilisikia Mwanamisi analia upande wa pili wa ua, si kilio cha kupigwa, bali kile cha mtu asiyeamini macho yake. Nikapiga hodi na kuingia kabla sijajibiwa. Mwalimu alikuwa amemwaga maji jikoni, majivu yamekuwa tope, na yale mafiga matatu ameyang'oa. Mafiga! Kwetu mtu haondoi mafiga ya nyumba ila nyumba imevunjika. Mwanamke akikuta mafiga yake yameng'olewa, anajua ameachwa, hata talaka haina haja ya kutamkwa. Na yeye Mwalimu alikuwa ameyatoa uani, ameshika moja kila mkono, anayainua juu ya kichwa na kuyashusha, anahesabu kwa Kiingereza.

"Umemwacha mkeo?" nikamwuliza, mdomo ukatangulia.

"Nimwache kwa nini? Nampenda," akasema, akiendelea kuinua. "Mawe haya yana uzito mzuri sana."

Mwanamisi alinishika mkono. Hakuwa hata na miaka mingi tangu aolewe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi sitaki kubishana naye wala kumshinda. Mimi nataka mume aliye hai."

Tangu siku ile alikuja kupika kwangu. Alikuja na unga wake na samaki wake, akapika, akala, akaosha vyombo, akasafisha meno kwa mswaki wa mti ndipo arudi kwake. Mwalimu alijua. Hakumwuliza hata siku moja. Aliamini mkewe naye atafika, taratibu, kama mwanafunzi mzito.

Chakula chake mwenyewe kilikuwa nazi, ndizi, maembe, mapapai, mbaazi changa, majani ya mtsunga mabichi ambayo hata sisi tuliozaliwa nayo tunayachemsha kwanza kupunguza ukali, na muhogo mbichi. Kwenye arusi alikuja na chakula chake mfukoni. Nakumbuka arusi ya mdogo wake Bakari. Sinia ya pilau imewekwa, wanaume wamezunguka, mikono imenawishwa, na Mwalimu akatoa dafu na fundo la majani. Mama mkwe wangu alimwona kupitia mlangoni.

"Mwalimu, pilau yetu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Hilo ndilo tatizo lake."

Mama mkwe wangu hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.

Lakini sikiliza hili nalo. Nikipika samaki wa kupaka, nazi ikianza kudondoka kwenye makaa na moshi kupanda, Mwalimu alitoka kwake akaja kusimama penye ua, upande ule upepo unakoelekea. Macho amefumba, mikono nyuma. Mara ya kwanza nilidhani anaomba dua.

"Karibu samaki, Mwalimu."

"Ahsante, nimeshashiba."

"Sasa hapo wafanya nini?"

"Harufu haina madhara," akasema, na hakuona haya hata kidogo.

Nilicheka, na baadaye nikamhurumia. Mtu aliyekuwa akivuta harufu namna ile alikuwa na njaa. Nilimwambia Bakari, naye akasema mwanamume haambiwi ana njaa na mke wa jirani, kwa hiyo ninyamaze. Nikanyamaza.

Alikuwa akikimbia kila asubuhi kutoka Msambweni kwenda upande wa Gazi na kurudi, kwa kufuata pwani maji yakiwa yametoka. Alipoanza alikuwa na kitambi kidogo cha heshima. Kikaisha. Baada ya kitambi yakaisha mashavu, kisha shingo ikawa nyembamba mpaka kola ya shati ikamzunguka bila kumgusa. Na hapo yakaanza yale ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka. Kichwa kilimuuma mpaka akafunga kitambaa. Pumzi yake ikanuka. Alitokwa na majipu mgongoni, na harara mikononi. Akitoka kukimbia alitapika nyuma ya nyumba, akanawa, akavaa shati na tai, akaenda kufundisha. Na kwa kila moja la hayo alikuwa na jibu moja, tena alilisema kwa furaha.

"Uchafu unatoka."

Kichwa kinauma, uchafu unatoka. Majipu, uchafu unatoka. Siku moja nilimkuta ameketi chini kwenye kivuli cha nyumba, anatetemeka mchana wa jua kali, nikadhani ni homa ya malaria, nikataka kumwita dresa wa hospitali. Akanizuia kwa mkono.

"Mama Riziki, hii ni dalili njema. Mwili unajisafisha. Nikiwa mzima, chakula kinafanya kazi. Nikiumwa, kinafanya kazi zaidi."

"Na ukifa?"

Akafikiri kweli, kama alivyofikiri akiulizwa swali zuri na mwanafunzi. "Nikifa," akasema, "ujue uchafu ulikuwa mwingi."

Nilirudi jikoni kwangu. Nilikuwa nimezoea watu wabishi, baba yangu mwenyewe alikuwa mbishi wa kutajwa, lakini ubishi unaokula mwili wa mtu huku yeye anafurahi sikuwa nimeuona. Nilimwambia Mwanamisi afanye hima. Akasema, "Hima ya kufanya nini, dada? Nimemlilia, nimemsusia, nimemletea mpaka shehe. Shehe ameondoka na mapapai."

Mwaka mmoja mvua ya masika ikatudanganya. Ilinyesha kidogo, ikaondoka. Mapapai yakadondoka machanga, ndizi zikasinyaa, na watu wa bara kidogo, wafugaji wa huko Kinango, wakaanza kushusha mbuzi waliokonda kuja kuuza. Sisi wengine tulirudi kwenye makopa, ule muhogo uliokaushwa tunaousaga ugali. Mwalimu hakuweza kula makopa, kwa kuwa ugali lazima upikwe. Akala muhogo mbichi asubuhi, mchana na jioni, mpaka muhogo mtamu wa shamba lake ukaisha.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Tunapanda mihogo miwili. Mtamu hukaa katikati ya shamba, na huo hata mtoto huuchimba akautafuna mbichi kwa nazi. Mchungu hupandwa pembeni, mistari kadhaa kuelekea msituni, kwa ajili ya nguruwe mwitu na nyani. Nguruwe akifika akiuonja, anautema na kurudi alikotoka. Nao huo mchungu tunaula, lakini ni mpaka uloweke, uvunde, uanikwe, usagwe, upikwe. Ukiliwa mbichi ni sumu. Kwetu hili halifundishwi shuleni, unalikuta nyumbani.

Na Mwalimu alilijua. Hilo ndilo lililotushangaza kuliko yote. Bakari alimkuta shambani pembeni, ameng'oa shina la mchungu, anamenya kwa kisu.

"Mwalimu! Huo ni ule wa nguruwe!"

"Naujua."

"Ni sumu, Mwalimu. Wewe si mgeni hapa."

"Bakari, ndugu yangu, mtoto wako akiwa na homa unamnywesha nini? Mwarobaini. Mtamu? Tumbo likijaa wamkorogea nini? Shubiri. Tamu? Dawa gani ya kwetu uliyowahi kuinywa ikawa tamu?" Akakata kipande kidogo, akakitia mdomoni, akatafuna huku uso umekunjamana. "Nguruwe anautema kwa sababu ni nguruwe. Mimi nitauzoea kidogo kidogo."

Bakari alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti. Akaniambia, "Na mimi sikuwa na jibu. Dawa zetu zote kweli ni chungu." Nilimkaripia vibaya sana. Lakini mwenyewe nilijua kuwa kosa lile asingelifanya mtu wa mbali. Mtu wa mbali angeuonja akautema kama yule nguruwe. Ilitaka mtu wa kwetu, aliyelelewa kwa mwarobaini, kuamini kwamba kila kichungu kinaponya.

Alikula kidogo kidogo, kila siku. Kizunguzungu kilimshika, akasema uchafu unatoka. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi, uchafu unatoka. Na bado alikimbia. Mwanamisi aliacha kulia. Alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi mpaka aone ile kaptula nyeupe inarudi, ndipo anaingia ndani.

Asubuhi moja haikurudi. Wanawake wa Gazi waliokwenda kuokota chaza kwenye mikoko walimkuta amekaa mchangani, maji yanarudi, naye hajasogea. Walisema walidhani amepumzika. Walipomkaribia akawaambia, kwa adabu yake ileile, "Msinishike, mama zangu. Uchafu unatoka. Nitasimama sasa hivi." Maji yakamfika kiunoni. Ndipo wakamshika kwa nguvu, wakamburura mpaka pakavu, naye anawaomba radhi kwa usumbufu.

Aliletwa kwetu juu ya kitanda cha kamba, yeye na mchanga wake. Miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yamebanana, vidole vimeelekea chini. Mwanamisi alimpokea bila kupiga ukelele. Alimpangusa mchanga kwa ncha ya leso yake, mguu mmoja kisha mwingine. Nilitazama ile miguu ambayo siku ya kwanza ilimtia aibu mama wa watu ufukweni, nikaona haiendi popote tena, na nikalia kwa sauti, mimi niliyekuwa jirani tu.

Hospitali daktari alimwuliza amekula nini, akamweleza yote kwa mpangilio mzuri, kama anaandika ubaoni. Daktari aliweka kalamu chini. Akasema sumu ya muhogo imeshika mishipa ya miguu, na hasa kwa kuwa alikimbia mwili ukiwa hauna samaki wala maharage ya kuupa nguvu. Kilichoharibika hakitarudi. Na akirudia kuula mbichi, atamwacha mkewe mjane. Hayo aliyasema mbele yetu sote, kwa Kiswahili cha wazi.

Mwalimu alisikiliza, akashukuru. Daktari alipotoka akanigeukia mimi, maana Mwanamisi alikuwa amempa mgongo.

"Nilibakisha kidogo tu, Mama Riziki," akasema. "Ningevumilia kidogo tu."

Nilitoka nje. Nilikuwa nimesikia watu wakitubu, na watu wakilaani, lakini sikutegemea kumsikia mtu asiyeweza kusimama akisema hivyo.

Baadaye tukahamia Ukunda. Hoteli zilikuwa zimeanza kuota Diani, na Bakari alipata kazi ya ulinzi. Miaka ikapita kwa namna yake, watoto wakaolewa, na Msambweni nikawa naisikia tu. Idi moja nikasema hapana, lazima niende nikawaone. Nilibeba halua na leso mpya ya Mwanamisi.

Nilimkuta jikoni. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake, yamepakwa masizi ya miaka, na moto unawaka. Nilifurahi mpaka nikasahau salamu. Tulipokumbatiana akaniambia sikioni, haraka, kabla sijaingia kwa mumewe, "Dada, akikupa muhogo, ule. Usiogope. Lakini tafadhali useme ni mchungu."

"Mchungu vipi?"

"Anakula chakula cha moto sasa, alhamdulillahi. Wali, samaki, yote. Lakini kila asubuhi lazima atafune kipande cha ule wa pembeni, mbichi. Hakuacha, dada. Alikataa kuacha. Ananituma mimi nikaupande, nikauchimbe, maana kufika kule hawezi." Akafunika sufuria. "Vile vijiti vya mchungu niliving'oa vyote mwaka uleule. Nilipanda mtamu palepale. Anatafuna mtamu miaka yote hii, na mimi nashinda nikifukuza nguruwe."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa na sugu za mpini wa jembe. Nikaishika.

Mwalimu alikuwa barazani kwenye kiti, magongo mawili yameegemezwa ukutani, kanzu safi ya Idi, shavu limejaa. Alinenepa! Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya darasani. Aliniuliza habari ya kila mtoto kwa jina. Mwanamisi alileta pilau, na Mwalimu alikula, akaomba nyongeza. Nilimkumbuka mama mkwe wangu.

Tulipomaliza alivuta kisahani kilichofunikwa kwa kawa. Ndani mlikuwa na muhogo uliomenywa, mweupe.

"Unaona huu?" akaniambia. "Ule wa nguruwe. Daktari alisema utaniua. Mwanzo nilikuwa naukunjia uso. Sasa siusikii uchungu hata kidogo. Unajua maana yake nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Maana yake nimesafika." Alisema polepole, na macho yalimlengalenga. "Miguu ilikwenda, lakini kazi niliimaliza. Ila nguruwe wa siku hizi nao ni wa ajabu. Mke wangu ananiambia wanauchimba mpaka huu mchungu. Nadhani nao wameuzoea kama mimi."

Nyuma yangu Mwanamisi, aliyekuwa akikusanya sahani, alisimama.

Mwalimu akakata kipande, akaninyooshea kwenye ncha ya kisu. "Onja wewe, Mama Riziki. Uniambie."

Nikakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu, kitamu na maziwa yake, ule muhogo wa utotoni tuliokuwa tukiutafuna kwa nazi njiani kwenda kuchota maji. Nikautafuna mara moja, nikakunja uso wote, nikainama nje ya baraza nikautema.

"Astaghfirullah! Mwalimu, kitu hiki unakilaje?"

Alicheka mpaka magongo yakaanguka. Sikuwa nimeyaona meno yake yote nje hivyo tangu ile siku ya ufukweni.

"Pole, pole," akasema, anajifuta machozi. "Wewe uchafu wako bado haujatoka."

Mwanamisi aliniletea kikombe cha maji. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasukutua.